Barabara Chumbani kwa Babu

Somanga, 18 Februari

Mume wangu mdogo Jerome,

Salamu zangu zikukute huko Lindi umeoga na umekula, maana najua ukishika mashine zako vyote viwili unavisahau. Mimi mkeo mzima kama trekta jipya. Babu yako yuko vilevile, na hapo ndipo barua hii inapoanzia.

Najua utauliza, Bibi ana simu, karatasi ya nini? Ukuta wa chumba cha Babu ni fito na udongo. Nikiongea na simu anasikia kila neno, na jambo hili sitaki alisikie kabla halijakamilika. Halafu maelezo yako ya kompyuta kwa simu hunipita kama basi la abiria waliochelewa. Karatasi naweza kuikalia nikairudia. Barua zetu atabeba Fakihi, konda wa basi linalolala Lindi. Nimemwahidi kipande cha samaki kila safari, kwa hiyo hazitapotea.

Sasa sikiliza. Tangu kile kiharusi cha Desemba, mkono na mguu wa kulia wa Babu havimtii. Hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba hasemi. Daktari wa Kilwa Masoko amempima, anasema ulimi hauna kitu, sauti ipo, akitaka atasema. Hataki. Analala amegeukia ukutani tangu asubuhi, uji anakunywa vijiko viwili anafunga mdomo. Daktari ameniita pembeni akaniambia, "Mama, mtu asiyetaka kugeuka, mwili nao unaacha kutaka. Mpe sababu ya kugeuka." Ameniambia hivyo akaenda zake, kana kwamba sababu zinauzwa sokoni.

Nikamwambia Babu tumtoe, akae barazani aone magari. Akafumba macho. Namjua mume wangu. Mtu ameendesha basi Dar na Lindi tangu enzi za tope la Ndundu, kabla ya lami, madereva wote wakipita hapa wanampigia honi, leo wamwone anabebwa kama gunia la korosho? Hawezi.

Basi nikawaza, kama yeye haendi barabarani, barabara ije chumbani.

Ile kompyuta uliyoniachia, yenye hiyo Linux yako, ipo hapa mgahawani kwangu juu ya kaunta, na ile kamera ndogo nimeielekeza dirishani, inaonyesha barabara yote mpaka kwenye kilima. Nilikuwa naitumia kuwaangalia wanaokunywa chai na kuondoka bila kuaga. Nikamfuata Getrude wa Masoko aliyefunga nyumba yake ya wageni, akanipa skrini moja ya mapokezi. Abdulrazak ameileta kwa bodaboda, imefungwa kwenye godoro la mtoto kama mgonjwa. Waya mrefu nao nimeupata, nimeupitisha juu ya kenchi mpaka chumbani. Nimechomeka huku, nimechomeka kule, nimewasha. Skrini inaandika maneno mawili ya Kiingereza, inafikiri kidogo, halafu inalala. Nimeiamsha, inalala. Ina usingizi kuliko mgonjwa.

Nisaidie. Na usiniandikie kama unamwandikia mtoto. Mimi niliuza vitunguu Moroni, nilinunua khanga Pemba ya Msumbiji, na Dubai nilikaa siku nne nikaona skrini ukubwa wa kiwanja cha mpira. Sikushangaa. Nilifunga mdomo mpaka hotelini, ndipo nikashangaa peke yangu.

Mkeo wa kwanza,
Bibi Restuta


Lindi, 21 Februari

Bibi, mke wangu mkubwa,

Shikamoo. Barua imefika ikinuka samaki vizuri kabisa, Fakihi alikuwa anaifutia mikono. Mimi mzima, nimekula, kuoga nitaoga.

Nimeisoma mara nyingi. Sikujua kama Babu hasemi kabisa. Ningekuja kesho, lakini hii kazi ya kufunga kompyuta shuleni ni ya mkataba na ruhusa hakuna mpaka Juni. Kwa hiyo mikono yako ndiyo mikono yangu, tufanye wote.

Maneno hayo mawili ya Kiingereza yanasema skrini haipati picha. Si mbovu. Inasubiri, hakuna kinachokuja, inalala. Hata mimi ningelala. Tuanze na mambo mawili.

La kwanza, zunguka nyuma ya lile boksi la kompyuta. Utaona matundu ya waya sehemu mbili: juu yapo yamesimama, chini yapo yamelala. Nilipoitengeneza niliweka kadi ya picha, na ndiyo yenye matundu ya chini. Ukishaweka kadi hiyo, matundu ya juu yanakuwa pambo. Nina hakika skrini ya kaunta imechomekwa chini, na wewe hii mpya umeichomeka juu kwa sababu ndiko kuna nafasi. Hamishia chini, pembeni ya mwenzake.

La pili, skrini yenyewe ina vitufe vidogo ukingoni, kwa chini. Kimoja ni cha kuchagua waya upi usikilizwe. Kibonyeze mara moja, subiri, bonyeza tena, mpaka ifike kwenye HDMI. Kisha usiiguse.

Niambie umeona nini, kila kitu, hata kama unadhani hakina maana. Mashine hizi huwa zinasema ugonjwa wao, tatizo ni kwamba hazipazi sauti.

Nina swali na mimi. Fakihi anasema siku hizi ukimpa chai humtanii. Anasema zamani kicheko chako alikuwa anakisikia kabla dereva hajafunga breki. Barua zako zinachekesha, Bibi, mpaka walimu wa shule hii wananiuliza nacheka nini. Wewe mwenyewe je?

Mumeo mdogo,
Jerome


Somanga, 2 Machi

Jerome mume wangu,

Marahaba. Huku mawingu yamejaa lakini mvua bado inajivuta. Afya yangu usiiulize, ulizia ya kompyuta.

Fakihi ni mmbea, mwambie nimesema. Chai ni chai, kicheko si sehemu ya chai.

Nimezunguka nyuma ya boksi kama ulivyoagiza. Nimekuta matundu yaliyosimama na yaliyolala, na ndiyo, nilikuwa nimechomeka kwenye pambo. Kwani pambo linawekwa tundu la nini? Huko Dubai pambo ni pambo, huwezi kulichomeka waya. Nimehamisha.

Ikaamka! Ikawaka rangi ya bluu, nikapiga magoti. Kabla sijasema amina ikaanza kucheza yenyewe. Kidirisha kinatokea, kinashuka, kinapanda, kinabadili lugha, mara Kiingereza, mara Kichina, halafu ikalala. Nikaamsha, ikacheza tena. Nikasema hii imetumwa. Nilitaka hata kumwita padri, ila padri mwenyewe kompyuta yake inamshinda.

Nikakumbuka ulichoandika, mashine husema ugonjwa wao. Nikavuta kigoda nikakaa mbele yake kama mganga, nikaitazama tu. Jerome, kitambaa! Unajua mimi kitu cha thamani sikiachi uchi. Redio ina kitambaa, jokofu lina kitambaa, na hii skrini nilikuwa nimeifumia kitambaa kizuri cha njano chenye maua, kimeibana ukingoni kwa lastiki. Ile lastiki ndiyo imekaa juu ya vitufe, inavibonyeza vyote kwa pamoja kama mtu anayepiga kinanda. Nimeivua. Sasa iko uchi lakini imetulia. Nikabonyeza kile kitufe cha kuchagua waya mpaka ikafika HDMI.

Sasa ugonjwa mpya. Skrini ya chumbani inaonyesha picha ya mlima wenye theluji. Barabara hakuna. Skrini ya kaunta ina barabara, ya chumbani ina mlima tu, saa zote. Nani amemwomba mlima? Babu yako akiwa na baridi hiyo si atageukia ukutani zaidi?

Na jambo lingine la ajabu. Mshale wa mausi nikiusukuma sana upande wa kulia unatoka kwenye skrini ya kaunta unapotea. Niliutafuta chini ya meza, usinicheke. Nikaenda chumbani kumpa Babu maji, nikaukuta uko kule, umesimama juu ya theluji! Nikakimbia kaunta nikasogeza mausi, nikakimbia chumbani kuangalia, umehama. Nikafanya hivyo mpaka nikaishiwa pumzi.

Sasa hili nakuandikia kwa sababu umesema niandike hata kisicho na maana. Mara ya mwisho nilipoingia chumbani, Babu alikuwa amegeuza shingo. Mwili ukutani, shingo huku. Anautazama ule mshale. Nikajifanya natandika shuka. Nilipogeuka tena alikuwa amesharudi ukutani, kama mtoto aliyekamatwa anachungulia.

Shingo, Jerome. Tangu Desemba.

Andika upesi.

Mkeo anayekimbia,
Bibi Restuta


Lindi, 6 Machi

Bibi wangu,

Shikamoo, na pole kwa mbio. Huku mvua imeanza. Mimi mzima.

Ile shingo nimeisoma nikatoka nje kidogo. Halafu nikarudi kukuandikia.

Kitambaa! Nimefanya kazi hii miaka mingi, nimekutana na mchwa kwenye kompyuta, nimekutana na mjusi, lakini lastiki ya kitambaa cha kufuma sijawahi. Nimewasimulia shuleni hapa, mwalimu mmoja akainuka, akaenda kuivua ya kwake.

Mlima usikutishe. Kompyuta imeamini umeiongezea uwanja, kwa hiyo imeziunganisha skrini mbili ziwe meza moja ndefu. Kaunta ni nusu ya meza, chumbani ni nusu ya pili. Ndiyo maana mshale unavuka. Haukupotea, ulikwenda upande wa pili wa meza. Na barabara iko nusu ya kwanza, kule hakuna kitu, ndipo unaona kitambaa cha meza, yaani mlima.

Tunachotaka ni skrini zote mbili zionyeshe kitu kimoja. Kwa kawaida unaingia kwenye mipangilio, sehemu ya skrini, unachagua alama yenye skrini mbili zilizolaliana. Jaribu hiyo kwanza. Ila ninahofia itakataa, kwa sababu skrini ya Getrude ni ya zamani, umbo lake si sawa na ya kaunta. Ikikataa, bonyeza kwa pamoja Ctrl, Alt na T. Kitafunguka chumba cheusi chenye mstari unaopepesa. Humo unaandika amri, na mashine inatii bila kuuliza. Andika hivi, nafasi ziwe palepale nilipoziweka, kisha bonyeza kile kitufe kikubwa cha Enter:

xrandr --output HDMI-1 --mode 1024x768 --same-as DVI-D-1

Maana yake: wewe skrini ya waya mrefu, chukua ukubwa huu, uonyeshe sawasawa na mwenzako.

Usiogope chumba cheusi. Ukikosea hakiumi, kinakuambia tu hakijaelewa.

Nami bado nina swali langu la chai.

Mumeo mdogo,
Jerome


Somanga, 20 Machi

Mume wangu Jerome,

Nakuandikia huku bati linapigwa na mvua sijawahi kusikia. Tuko wazima, nyumba inavuja sehemu moja tu, juu ya mbuzi, na mbuzi amehama.

Alama ya skrini zilizolaliana ilikataa, kama ulivyosema. Nikaingia chumba cheusi. Sasa mimi nimelelewa. Huwezi kuingia chumba cha mtu hujawahi kufika ukaanza kutoa amri. Kwa hiyo niliandika kwanza Hodi, nikabonyeza. Ikanijibu kwa Kiingereza kwamba haijui amri hiyo. Nikaandika Hodi hapa. Ikajibu vilevile. Nikaona hawa hawakulelewa, nikaacha adabu nikaandika lile neno lako. Hilo neno, Jerome, ni la lugha gani? Linasikika kama mtu amepiga chafya akiwa na pilipili mdomoni. Mara ya kwanza nilisahau vile vistari viwili viwili. Mara ya pili nikaviunganisha na maneno. Mara ya tatu nikaweka kidole kwenye karatasi yako, herufi moja, jicho, herufi moja, jicho. Nikabonyeza.

Zikazimika zote mbili. Kisha zikawaka. Nikakimbia chumbani.

Barabara ilikuwa chumbani, mume wangu! Ile barabara, lami, alama nyeupe, kilima, bodaboda ya Abdulrazak inakata maji kama mtumbwi. Mimi niliyezunguka dunia nilisimama mlangoni nimeshika mwiko.

Babu amegeuka. Mwili mzima, kwa mkono mmoja, bila kusaidiwa. Ameangalia.

Ngoja sasa usifurahi. Ameangalia, ameangalia, anasubiri. Nikajua anasubiri nini. Nikamwambia linakuja, mzee, basi linakuja. Na hilo basi halikuja. Jioni ndipo Abdulrazak ameleta habari kwamba maji yamebeba daraja upande wa kaskazini, na upande wa kusini barabara imekatika vilevile. Sisi tuko katikati kama chapati kwenye kikaango. Hakuna gari lolote kubwa.

Inapita bodaboda, inapita baiskeli, anapita ng'ombe. Bodaboda hawana upande wao wa barabara, wanapita popote, hata kuwatazama ni kuchoka. Babu amengoja mpaka jua limezama. Kisha amegeukia ukutani.

Barua hii sijui itakufikia vipi. Fakihi hayupo. Nitaiweka chini ya kopo la chumvi mpaka apatikane.

Jerome, uji leo hakunywa kabisa. Nimemletea barabara isiyo na gari. Afadhali ningemwacha na mlima.

Mkeo,
Bibi Restuta


Lindi, 14 Aprili

Bibi wangu mpendwa,

Shikamoo. Sina uhakika barua hii utaisoma lini. Nimempa Fakihi, ambaye basi lao limekwama huku, na amesema siku ya kwanza watakayoruhusiwa kupita, wao watakuwa wa kwanza. Simu yako haipatikani kabisa, nadhani mnara umezimika kwa mvua. Mimi mzima wa mwili. Roho iko Somanga.

Nikiwa mdogo Babu alikuwa ananikalisha pale juu ya boneti ndani ya basi, pembeni ya gia. Kulikuwa na joto mpaka suruali inanuka. Ananiambia, "Wewe angalia mbele, mimi naangalia nyuma." Nilidhani anatania. Baadaye nikagundua macho yake kweli yalikuwa kwenye vioo vya pembeni zaidi ya mbele. Nimelikumbuka hilo wiki nzima hii, sijui kwa nini.

Kwa sababu nimekosa cha kufanya, nimeifunga hapa kompyuta kama yako, na kamera kama yako, nione kama nimesahau jambo. Nimesahau. Ile programu ya kamera imetengenezwa kwa watu wanaojitazama wenyewe, kwa hiyo inageuza picha, kulia inakuwa kushoto, ili mtu asichanganyikiwe anapochana nywele. Wewe hukuliona kwa sababu barabara yenyewe iko mbele yako dirishani, huna haja ya kuitazama kwenye skrini. Lakini kule chumbani, kama ile amri ilikubali, barabara imegeuka. Gari la kutoka Dar litaonekana linatoka Lindi, tena linapita kulia.

Kunyoosha ni rahisi. Juu ya programu kuna mistari mitatu, bonyeza, nenda kwenye mapendeleo, ondoa tiki kwenye neno la mwisho. Basi. Fanya kabla magari hayajaanza kupita. Babu ni dereva, sitaki aone barabara ya uongo.

Mpe uji. Mwambie Juni nakuja.

Mumeo mdogo,
Jerome


Somanga, 27 Aprili

Jerome mume wangu, mtaalamu, fundi wa mafundi,

Marahaba, marahaba tena. Sisi wazima! Mbuzi mzima! Mnara umesimama, lakini hili si la simu, kwa sababu zile zile za ukuta wa fito. Kaa chini.

Jana asubuhi nilikuwa nakaanga samaki. Nikasikia mngurumo. Nikadhani ni radi, lakini jua linawaka. Nikachungulia: basi! La kwanza tangu maji. Limejaa tope mpaka dirishani, linakuja taratibu, na Fakihi ananing'inia mlangoni anapunga karatasi kama ameshinda uchaguzi.

Nikasahau samaki. Nikawaza, Babu amegeukia ukutani, halioni, nikamgeuze. Sijafika hata kwenye pazia nikasikia sauti.

"WEWEEE! KUSHOTO! RUDI KUSHOTO, UNAUA WATU!"

Jerome, nilidhani ni abiria amegombana na konda. Sauti imekwaruza, imekaa miezi bila kutumika kama pampu ya kisima. Nikaingia. Babu ameketi. Ameketi! Mkono wa kushoto ameunyoosha kwenye skrini.

"Restuta! Huyu nani kampa leseni? Anatembea kulia! Usukani kauweka kushoto! Mlango unafungukia wapi? Ametoka Lindi au anakwenda Lindi?"

Mimi nimesimama na mwiko unadondosha mafuta. Nikasema, "Mzee, ndiyo madereva wa siku hizi."

Akasema, "Wa siku hizi? Huyu ni muuaji! Mwite konda hapa!"

Hapo nikatoka mbio mpaka mgahawani nisimcheke mzee usoni, ndipo nikacheka. Sikucheka cha kistaarabu. Nilikaa sakafuni. Fakihi akaingia mgahawani kuleta barua yako, akanikuta chini, akadhani nimefiwa, akaanza kulia. Babu akamfokea kutoka chumbani, "Wewe konda, dereva wako amelewa?" Fakihi akasahau kulia akakimbia kumtetea dereva wake. Wamegombana mpaka samaki wakaungua.

Nikaisoma barua yako kaunta, wakati wao wanagombana. Nikaelewa.

Sasa nisikilize, na usibishane na mkubwa. Tiki haitatoka. Tangu jana yamepita mabasi na malori yote yaliyokwama, na kila moja Babu amelitukana kivyake. Lori la saruji alilihutubia kabisa. Amekula ugali na samaki walioungua, hakulalamika, alikuwa na haraka asipitwe. Anataka mto mgongoni ili aone vizuri. Mguu wa kulia, nimeuona kwa macho yangu, unakanyaga breki chini ya shuka. Unakanyaga! Daktari akija atadhani nimemwendea kwa mganga.

Nikimnyooshea barabara, madereva wote watakuwa wema. Atamfokea nani?

Ile karatasi yako ya maelekezo nimeifungia maandazi, nimemuuzia abiria wa Mtwara. Imeenda. Babu hajui chochote, na hatajua. Mwanamke aliyewapita wafanyabiashara wa Dubai hawezi kushindwa na mzee mmoja kitandani. Hii ni siri yangu na wewe.

Na swali lako la chai: muulize Fakihi.

Mkeo mwenye mbavu zinazouma,
Bibi Restuta


Somanga, 3 Mei

Jerome,

Barua hii nimempa Fakihi mwenyewe, ameifungia kwenye soksi. Bibi yako asijue. Nimeandika kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo herufi zikiyumba zivumilie, zinajifunza.

Najua picha imegeuzwa.

Basi la kwanza lilinidanganya kweli. Nilisikia mngurumo, nikageuka, nikaliona linakuja upande wangu, mdomo ukafunguka wenyewe. Lakini lilivyosimama niliona maandishi ubavuni, yamegeuka. Miaka thelathini nimesoma magari kwenye vioo vya pembeni. Herufi zilizogeuka nimezisoma kuliko zilizonyooka. Nikajua palepale, mjukuu wangu ameniletea kioo cha pembeni ukubwa wa dirisha. Nikataka kunyamaza tena.

Ndipo nikasikia bibi yako anacheka.

Hujui kile kicheko kilipotelea wapi. Mimi najua, kilipotea siku niliyoanguka. Alikuwa anaingia na uji, anatoka na uji, anapiga stori za Moroni ambazo najua zote, na sauti yake haina kitu ndani. Nikageukia ukuta kwa sababu sikuweza kumtazama. Yeye anadhani niliukasirikia mguu.

Kwa hiyo lilipopita gari la pili nikapiga kelele tena, nione kama atacheka tena. Akacheka. La tatu pia. Sasa ndiyo kazi yangu. Naamka mapema. Dereva wa lori la saruji ni kijana mzuri sana, anaendesha kwa adabu, mwombee radhi kwa niaba yangu ukikutana naye.

Unaweza kusema ni udanganyifu. Anayedanganywa ni yeye, na yeye anadhani ni mimi. Tuache hivyo.

Mguu kweli unakanyaga. Huo siigizi.

Ukija Juni usinyooshe kitu. Nina ombi moja tu. Ile kamera ya kaunta, isogeze kidogo imchukue na yeye pale kwenye kikaango. Kama ni kulia au kushoto utaona mwenyewe, huku kwangu vyote vimegeuka. Namsikia anavyocheka, ila bado sijamwona.

Mume mwenzio,
Babu Cletus